Pwani Isiyo na Mtu

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi sasa kinakuruhusu kulala. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na utaniwia radhi nikikueleza sababu yake polepole.

Kila uliponiuliza kesi imekwishaje nilikata simu na kusingizia mtandao. Tumeshindwa, kaka. Kampuni ya hoteli imepewa ufuo wetu wote, kuanzia kwenye mawe hadi mdomo wa mto, pamoja na nyumba ya shangazi aliyetulea na makaburi ya baba na mama.

Walipoanza kupiga vigingi, mimi ndiye niliyejitia kimbelembele. Nilisema tuwaonyeshe watu uzuri unaotaka kuuawa. Nikafunga studio yangu ya picha za paspoti, nikahamia kwa shangazi na kamera. Alinitania kwamba nimezoea kuwakataza watu kutabasamu, sasa bahari nitaikataza nini.

Picha zilipendeza, nisijinyime sifa. Gazeti lilizichapa, watu wasiotujua wakatia saini kutuunga mkono, na wakili wetu akasema mambo yameiva. Tukazipeleka wenyewe kwenye baraza la ardhi ziwe ushahidi.

Siku ya mwisho alisimama wakili wa kampuni. Nilidhani atazipinga, kumbe alizisifu. Akaomba zibandikwe zote ukutani, kisha akamuuliza mwenyekiti, kwa upole kabisa, kama anaona humo nyumba, shamba, au hata mtu mmoja. Alisema hawa wanadai kuishi mahali ambapo mpiga picha wao mwenyewe hakumkuta mtu. Shangazi akainuka kusema yeye amezeekea pale. Akaambiwa akae, zamu yake ya kusema ilishapita.

Kaka, watu walikuwepo. Mimi ndiye niliyewaondoa. Kila asubuhi nilimwomba shangazi aondoe vichanja vyake vya kuanikia dagaa, aanue nguo, na awaite wenzake waliokuwa wakiokota chaza wapande juu mpaka maji yafute nyayo zao. Nyumba niliipa kisogo. Makaburi niliyakwepa kwa kusogea kidogo kulia. Nilitaka mandhari itoke safi, kama tulivyofundishwa kazini, na niliona watu wangu wenyewe wananichafulia. Shangazi hakunung'unika hata mara moja. Aliwaambia wenzake fundi ndiye anayejua, wampishe.

Sasa nimemleta kwenye chumba changu nyuma ya studio. Kabla hajafungua mizigo yake aliomba nyundo na msumari, akatundika picha kubwa kuliko zote mbele ya kitanda. Nilimsihi aitoe, akakataa. Bado anaamini wakili yule alidanganya tu. Wakija wageni anawaonyesha mchanga ule mtupu, kisha anawaeleza kwa fahari kwamba yeye mwenyewe alikuwepo siku hiyo, amesimama nyuma yangu na kichanja mikononi, asije akaniharibia picha.

Nasikia hayo nikiwa upande wa pili wa pazia, nawapanga wateja kitini, na sijui niyaweke wapi macho yangu.

Anakusalimu sana, na anauliza utakuja lini. Njoo, kaka, nakuomba. Mpe wifi mkono wangu, wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Flashi