Nilichagua Ile ya Mbele

Jumanne, mwezi wa saba. Wamagana. Ukungu.

Mlima hatujauona wiki nzima. Ukungu umeshuka hadi kwa majani chai, ukichuma ni kama unachuma maji. Saa hii niko kituo cha kupimia majani, nimekalia gunia langu, lori limechelewa. Wenzangu wanaongea juu ya harusi ya Jumamosi, nani atapika na nani hakualikwa. Mimi nimejitenga huku kwa ukuta na simu, wanadhani nasoma neno la Mungu.

Sisomi neno. Naandika kosa langu.

Hii blogu alinifungulia Nyawira, msichana wangu. Nilikataa, nikamwambia mtu aliyetoka shule darasa la tano ataandika nini? Akasema, "Mami, andika tu vile unaongea." Basi nimekuwa nikiandika juu ya kuku, juu ya baridi, juu ya magoti yangu. Leo naandika juu yake, na sijamwomba ruhusa. Amejifungia kwa nyumba tangu asubuhi.

Nianze mahali kunaeleweka.

Kuna chuo Amerika kilimpa Nyawira nafasi. Ufadhili wao ni wa miaka mitatu, na masomo yenyewe ni ya minne. Lakini wanakubali mtu afanye mitihani fulani akiwa huku kwetu, na akipita, hayo masomo yanahesabiwa ameyamaliza hata kabla ya kupanda ndege. Hivyo ndivyo miaka minne inaingia ndani ya mitatu. Kiingereza alipita. Hesabu alipita. Imebaki historia ya Amerika peke yake. Barua yao inasema matokeo yawe yamefika mwisho wa mwezi huu, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Na ukianguka hawakuruhusu kurudia mpaka miezi mitatu ipite.

Historia yao wameigawa mitihani miwili, na chuo kinakubali wowote. Mmoja unaanza na meli zikifika na unaishia pale walipomaliza kupigana wenyewe kwa wenyewe juu ya utumwa. Mwingine unaanzia hapo na kuja mpaka siku zetu.

Nyawira alichukua wiki mbili kuchagua. Alikuwa anakaa kwa ngazi ya jikoni na kitabu kikubwa magotini, anasoma yaliyomo ya huku, anasoma ya kule, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Mwishowe akachagua wa pili. "Ule mwingine ni wazee wa nywele za bandia, Mami. Huu ni wa watu walionyimwa kazi wakaandamana. Na kuna vita vya dunia, vile vilimpeleka baba ya guka kupigana Bama." Nikaona ana akili. Mtu asome mahali ambapo hata baba ya babu yake alipita.

Akakata kitabu katikati na kisu cha mboga, maana chote kilikuwa kizito. Nusu yake akaenda nayo Wang'uru, kwa mashamba ya mpunga, anakofundisha watoto wa nasari na kukaa kwa dada yangu. Nusu nyingine akaiacha hapa.

Kila Jumamosi akija tunakaa na kadi. Kadi zenyewe alizikata kutoka kwa maboksi ya viatu, mia mbili na kitu, swali upande mmoja, jibu upande wa pili. Mimi ndiye mwalimu! Nauliza kwa Kiingereza nisichokijua, yeye anajibu, nami naangalia kama sauti yake inafanana na herufi ninazoziona. Kuna moja ya reli yao iliyokata nchi nzima, hilo neno ulimi wangu hulibeba kila mahali isipokuwa mahali pake, na Nyawira hucheka mpaka anashika mbavu. "Tulia, Mami. Mtihani haukusikii."

Nilizijua zile kadi kwa sauti. Nilikuwa nazisema nikichuma majani. Wanawake wa shamba la pili wakaanza kuniita Profesa.

Sasa lile kosa.

Siku za kujiandikisha zilipofika, simu ya Nyawira ilikuwa imeanguka kwa maji ya mpunga. Alibaki na kale kasimu kadogo ka dada yangu, kasikoingia mtandao. Akaniomba niende Nyeri kwa Mama Rupa nimwandikishie. Mama Rupa ni yule mama Mhindi wa duka la vitabu, ana kompyuta mbili na mashine ya kutoa nakala, na amenijua tangu Nyawira akinunua penseli kwake. Nikavaa koti la kanisa. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Mama Rupa akafungua, akajaza majina, akafika mahali pa kuchagua. Akanigeuzia kioo. "Mama Nyawira, iko mbili. Moja naishia kwa vita, moja naanzia kwa vita. Gani?"

Tukampigia Nyawira, simu ikawekwa sauti ya juu, naye akaongea Kiswahili ndiyo Mama Rupa asikie. "Mami, usiangalie ni gani imeandikwa juu na gani iko chini, mtaishia kuchanganyikiwa. Chagua ile ya mbele. Si ya nyuma, ya mbele." Halafu mtandao ukakata.

Mama Rupa akaniangalia. "Mbele gani, mama? Ile napita ama ile nakuja?"

Sikiza vile nilijibu. Nilijibu nikiwa nimeinua kichwa.

"Mbele ni mbele, Mama Rupa. Ni ile ilitangulia. Hata Adamu alikuwa mbele yetu."

Akauliza tena, "Hakika?" Nikasema hakika. Akacheka, akasema, "Haya basi, Adamu," akabonyeza.

Kwa Gikuyu tunasema mbere. Mtu wa mbere ni yule wa kwanza, yule aliyetangulia. Ya thutha, ya nyuma, ni ile inayofuata. Mimi hata nikiongea Kiswahili, masikio yangu bado ni ya mama yangu. Lakini Nyawira alipata A ya Kiswahili. Kwake siku za mbele ni zile hazijafika. Alikuwa ananiambia chagua ile inayokuja, nami nikasikia chagua ile ilienda zamani.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Juu ya kujikwaa sikio hawakusema kitu.

Mama Rupa alinitolea karatasi ya kuthibitisha. Nyawira aliponiuliza kwa simu nikamwambia, "Imeingia, karatasi ninayo." Nikaiweka ndani ya Biblia, kwa Zaburi, na kila asubuhi naweka mkono juu yake naomba. Wiki tatu, na Jumamosi zote hizo Nyawira alibaki Wang'uru kusoma. Ningempelekea jirani ya dada yangu mwenye simu kubwa picha ya hiyo karatasi, angalau mtu angeisoma. Sikuipiga picha. Nilikuwa naiombea.

Alikuja Jumapili jioni na mchele kilo mbili na furaha. Nikatoa Biblia, nikampa karatasi kwa mikono miwili kama zawadi.

Alisoma. Akarudia kusoma. Akakaa chini.

"Mami, hii ni ile ya zamani."

"Si ulisema ya mbele?"

Aliniangalia tu, na nikaona ameelewa kabla yangu. Angenipigia kelele ningepumua. Badala yake aliinuka akaenda kuosha ule mchele, akauosha mara nne, mpaka maji yakawa meupe kuliko ya kunywa.

Jana tulirudi kwa Mama Rupa. Akaandikia kituo cha mtihani cha Nairobi, tukangoja mbele ya kompyuta kama watu wanaongoja daktari. Jibu likaja: siku za kubadilisha ziliisha Ijumaa. Ijumaa! Ijumaa karatasi ilikuwa kwa Zaburi, na mkono wangu juu yake.

Mama Rupa aliongea polepole. "Mimi uliza mara mbili, mama."

Ni kweli. Hilo ndilo linaniuma zaidi. Niliulizwa mara mbili.

Imebaki siku tisa. Nyawira anasema kuna mahali mitihani hiyo miwili inapishana kidogo, pale vita vilipoisha, kwa hivyo labda ana maswali machache mkononi. Machache hayavuki mto. Mengine yote ni miaka mia na mia ambayo hajawahi kuifungua, maana mimi na yeye tulikuwa tunashughulika na reli.

Na kuna jambo lingine. Nitaliandika haraka kabla sijaogopa.

Ile nusu ya kitabu aliyoiacha nyumbani nilikuwa nawashia jiko.

Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa nyingi, kuni zilikuwa mbichi, nami nilijua hiyo nusu haina kazi. Nilikuwa nachana ukurasa mmoja mmoja kutoka mwanzo, kwa heshima, sikuwa naharibu. Leo asubuhi Nyawira akaniuliza iko wapi. Nikamletea kilichobaki. Meli zimeungua. Wale wa kwanza kufika wameungua, na njaa yao na baridi yao. Kitabu sasa kinaanza na chai.

Alisimama nacho kwa mlango, akasoma ukurasa wa kwanza uliobaki, kisha akanieleza. Sijui kwa nini alinieleza, labda ni mazoea ya Jumamosi. Kumbe Waamerika walikuwa chini ya mfalme wa Uingereza, kama sisi tulivyokuwa. Mfalme akaweka kodi kwa chai. Watu wa mji mmoja wakapanda meli, wakabeba masanduku ya chai, wakayamwaga yote baharini.

"Yote?" nikauliza.

"Yote, Mami."

"Na wale waliichuma?"

Akaangalia ukurasa. Akageuza, akaangalia nyuma yake. "Hawajaandikwa."

Nikasema basi hicho kitabu hakijaisha kuandikwa. Mtu ameamka na umande, amechuma majani mawili na chipukizi, mgongo umekatika, halafu inamwagwa na hatajwi? Nilikuwa nimekasirika kweli, na nadhani nilikuwa nakasirikia chai ndiyo nisijikasirikie mimi. Nyawira akatabasamu kidogo tu, upande mmoja wa mdomo.

"Hiyo haitaulizwa, Mami."

Akaingia ndani na ile nusu, akafunga mlango. Mpaka naondoka kuja shambani sikuwa nimemsikia akisoma. Yeye husoma kwa sauti, hata mtu wa barabarani humsikia.

Nimekuja na zile kadi za boksi la viatu kwa mfuko wa aproni. Zina upande wa swali na upande wa jibu, hakuna mahali pa kuandika kitu kingine. Nilifikiria nikate zingine, lakini maswali nitayatoa wapi, na kitabu chenyewe nilikipika? Nitamwomba Mama Rupa anitafutie kwa kompyuta zile kurasa. Nitamwambia: zile za kwanza. Nitahesabu na vidole, moja, mbili. Hilo neno lingine sitalitumia tena dukani kwake.

Sioni vile atapita. Naandika hivyo kwa sababu hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kusema ukweli. Nyumbani nitasema atapita. Nitasema na sauti kubwa, nikimwekea uji.

Lori limefika, wanapanga magunia. Lazima niende.

Tangu alipozaliwa huyu mtoto nimekuwa na ombi moja, na hulisema kwa lugha yoyote iliyo karibu na mdomo: Mungu, mfungulie njia ya mbele. Asubuhi hii sikuweza kulisema. Nilibaki nimepiga magoti na mdomo wazi.

Baba, miaka hii yote nikikwambia mbele, wewe ulikuwa unasikia gani?