Masale ya Kisiwani

Kariakoo, Dar es Salaam,
Jumapili, 12 Desemba 1976

Mpendwa Dada Celina,

Tumsifu Yesu Kristu. Nimetoka misa ya kwanza sasa hivi, na kabla sijavua hata kitambaa cha kichwani nimekaa kukuandikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto na Mama, na kwamba mguu wake umeacha kumsumbua kwa baridi ya huko. Mpe shikamoo yangu. Mimi mwili hauna neno, joto la Desemba tu ndilo linalotunyanyasa. Barua naipitishia kwa Agnesi wa kwa Severine, anayepanda basi Jumanne, maana kwa posta ingekufikia Krismasi imekwisha kupita.

Umeniandikia mara mbili kuuliza kwa nini Wilbert hajakuletea barua tangu Novemba, na kama atakuja Krismasi. Mara zote mbili nilikujibu kwamba ana kazi nyingi dukani. Leo nitakujibu kweli. Ila nivumilie, Dada, kwa sababu jibu lenyewe halianzii kwake. Linaanzia bustanini, na kwangu mimi.

Unajua kwamba Januari ofisi ilinitoa masijala ikanifanya karani wa bustani. Bustani yenyewe watu huiita Kisiwani, kwa kuwa imezungukwa na barabara pande zote, kati ya Mnazi Mmoja na maduka ya Kariakoo, na kuifikia ni lazima uvuke magari kama mtu anayevuka mto uliofurika. Haizidi kihamba chetu cha chini, kile cha migomba na kahawa. Ina mabenchi manne, mti mmoja wa mkungu, na bomba la kurusha maji ambalo halijarusha hata tone tangu nilijue. Hicho ndicho nilichopewa baada ya Kidato cha Sita: kukaa benchi la kwanza na daftari, niandike nani amekuja na amefanya nini.

Basi nimeandika mwaka mzima, na nakwambia sijapata kuona watu wanaopenda kutazamwa kama hawa. Mwenyekiti wa kamati ya bustani, Bwana Mbaruku, aliufungua mwaka kwa hotuba ya saa nzima na nusu juu ya usafi, akamaliza, akatupa maganda ya chungwa nyuma ya benchi. Masika yalipoanza likaja agizo kwamba kila kipande cha ardhi ya mji kilimwe. Wakaja wafanyakazi wa ofisi tatu na majembe mapya, wakaimba kuliko walivyolima. Mpiga picha alipoondoka nao wakaondoka. Mahindi yao yaliota, yakakosa palizi, yakafa kabla ya kuchanua, na Bwana Mbaruku akaniambia niandike kwamba zao limetia moyo. Niliandika.

Saba Saba walipaka mawe chokaa, wakapaka mizizi ya mkungu, wakampaka na mbwa aliyekuwa amelala pale, nusu yake. Kwaya mbili ziligombea kivuli mpaka mgeni rasmi akaenda zake bila kuimbiwa. Kila Jumamosi maharusi walikuja kupigwa picha mbele ya lile bomba kavu, wakiagizwa watabasamu kana kwamba maji yanawarukia. Familia za Upanga zilikuja jioni na viti vyao wenyewe, kana kwamba mabenchi yetu yana upele. Na Idd, mwishoni mwa Septemba, akina mama walikuja kukagua nguo za watoto wa wenzao, wakasahau kuwatazama wa kwao, hata wawili wakaokotwa katikati ya barabara. Nilirudi chumbani kila siku nimechoka kwa kudharau, kama mwingine achokavyo kwa kulima.

Lakini hao walikuwa wapita njia. Niliowadharau kila siku ni wa benchi la nne, na hapo ndipo anapoingia mumeo.

Februari, maduka ya watu binafsi mtaani kwetu yalipofungwa ili yaanzishwe ya ushirika, la Wilbert nalo lilifungwa. Naam, Dada. Hakuna duka tangu Februari. Barua zote ulizopata, zenye jina la duka juu ya karatasi, aliziandikia pale kwenye benchi la nne, karatasi kaiweka gotini, nami nikazipeleka Posta. Aliniomba nisikwambie mpaka apate shughuli nyingine. Alisema mwanamume wa kwetu hapandi mlimani kurudi nyumbani mikono mitupu. Nilimtazama na shati lake lililopigwa pasi na kalamu mfukoni, saa mbili asubuhi, anakwenda kukaa. Nikamwona mdogo.

Mwenzake alikuwa Mzee Hashil, Mwarabu aliyekuwa na duka la vitambaa mlango wa pili. Kila nilipofungua daftari alipaza sauti isikike hadi ng'ambo ya barabara: "Kaeni sawasawa jamani, karani kafika! Bibie, leo nimevaa kanzu ya Idd, usije ukaisahau." Watu wakacheka. Nilipomwuliza siku moja anafanya nini pale tangu asubuhi, alinijibu kwamba anafanya kazi ile ile niifanyayo mimi, ila yeye hakupewa daftari.

Wilbert hakuendelea kukaa bure kwa muda mrefu. Utakumbuka Aprili alikuomba vipande vya masale, akasema anataka kuvipanda mbele ya duka. Ulivikata kwenye mpaka wa kihamba, ukavifunga kwa majani makavu ya mgomba, ukampa kondakta. Alivipanda Kisiwani, kuyazunguka yale mahindi yaliyokufa. Kila asubuhi alibeba debe la maji kutoka uani kwa Mzee Hashil, akapalilia, akapogoa mkungu kwa mkasi mkubwa. Watu wa hapa hawajui isale ni nini. Jani ambalo kwetu mtu hulishika anapokwenda kuomba msamaha, wao walilichuma kupambia gari la harusi, na Wilbert akapanda jingine pale pale. Kufikia Oktoba ua ulikuwa umefika gotini. Ndicho kitu pekee kilichostawi Kisiwani mwaka huu, nami sikukiandika hata siku moja.

Novemba ikaja operesheni ya kuwakusanya watu wasio na kazi na kuwapeleka vijijini wakalime. Niliagizwa nilete orodha ya wanaokaa Kisiwani kila siku: jina, anapoishi, kazi yake. Nikapita benchi kwa benchi. Mzee Hashil alisema niandike kwamba yeye ni mshauri wa karani. Wilbert alisimama, ana udongo kwenye kucha, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, andika mtunza bustani." Bwana Mbaruku alikuwa nyuma yangu. Aliposikia neno shemeji alicheka, akauliza kumbe na sisi wasomi tuna ndugu wa benchi.

Nikaandika: Hana.

Usidhani nilikosea, Dada, wala usidhani nililazimishwa. Maneno mawili aliyoniomba yalikuwa kweli, nami niliyaona kwa macho yangu miezi saba. Nilijua orodha inakwenda wapi. Huyu ndiye aliyebeba sanduku langu begani siku yangu ya kwanza ya sekondari, kutoka barabara kuu mpaka geti la shule, huku akiniita daktari njia nzima. Nilikumbuka hilo nikiwa nimeshika kalamu. Nilitaka tu, mbele ya Mbaruku, mtu niliyemdharau kuliko wote, nisiwe na shemeji pale.

Siku ya nne lori likaja asubuhi. Mgambo alisoma majina, mwandiko wangu. Azzan, mwana wa Mzee Hashil, alifika mbio na barua kwamba babaye ni mgonjwa naye ndiye anayemtunza, akamwokoa. Wilbert aliulizwa kama yupo mtu hapa anayemjua. Nilikuwa nimesimama hatua sita. Alinitazama, akasema hana mtu. Akapanda.

Kesho yake Mzee Hashil alikuja ofisini. Mara hii hakunitania. Aliweka mezani ule mkasi wa Wilbert, akasema niandike kwenye daftari kwamba amekabidhi chombo cha mtu asiye na kazi. Hakuondoka mpaka nilipoandika.

Wilbert yu hai. Dereva wa lori amenithibitishia kwamba yupo kijiji kipya ng'ambo ya Rufiji, analima mpunga. Ataachiwa kwa jambo moja: barua ya balozi wa nyumba kumi wa huko kwetu, yenye mhuri wa kata, inayosema kwamba ana kihamba cha kahawa na anaishi kwa kukilima. Mke ndiye anayetakiwa kuiomba. Ipate wiki hii, umpe kondakta yule yule aliyeleta masale. Nimeomba likizo kuanzia tarehe ishirini, nitaipeleka Rufiji kwa mkono wangu, na Mungu akijalia atakuwa nyumbani Krismasi. Hiyo ndiyo sababu nimekuandikia leo. Kama nisingeihitaji barua hiyo, sijui kama ningekwambia haya. Naliandika na hilo ili usinipe sifa nisiyostahili.

Sijaanza kuwapenda watu wa Kisiwani. Alhamisi, sikukuu ya Uhuru, Bwana Mbaruku alimwonyesha mgeni ua wa masale akasema ni juhudi za kamati, kisha akanigeukia niandike. Niliandika: Ua umepandwa na Wilbert Kasmir, mtunza bustani. Hajagundua bado. Hasomi kitu ambamo yeye hakutajwa. Lakini daftari halimrudishi mtu aliyekwisha kupanda lori.

Ndani ya bahasha utakuta jani moja la isale, nimelifunga fundo. Nimelichuma katika ua wake, kwa hiyo ni la kihamba chako mwenyewe, limekwenda na limerudi. Najua kwetu anayeletewa jani hili hana ruhusa ya kukataa, na najua si haki kukufunga mikono hivyo, mimi nisiyethubutu hata kupanda basi nikupigie magoti. Basi ukiona msamaha haupo, lifungue fundo ulirudishe kwa kondakta, nitaelewa. Ila barua ya balozi uiweke pamoja nalo.

Wabusu watoto kwa ajili yangu. Mama usimsomee, mwambie tu kwamba nawasalimu wote na kwamba nasali. Mungu akulinde huko, na aizuie mvua ya vuli isije ikaharibu kahawa.

Ni mimi mdogo wako,
Severa