Nimenunua Sanduku Lisilouzwa

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, na nje giza limeshaingia. Ndiyo Novemba ya hapa. Manyunyu tangu asubuhi, dirisha la sebule limejaa ukungu, na mimi nimekaa na koti mwilini kama mgonjwa anayengoja kuitwa kwa daktari. Moyo hautulii. Nimeandika mengi humu, kwenye shajara yangu ya mtandaoni, kuhusu vitu vyangu vya kale, na mengi yake yalikuwa ya kujisifu, nakiri. La leo si la kujisifu.

Sanduku liko mezani mbele yangu. Nimelifunika kanga.

Nianze mwanzo, maana nisipoandika kwa utaratibu nitaanza kujitetea. Sisi tunaokusanya vitu vya kale vya pwani hapa London tuko saba. Jumamosi moja kila mwezi tunakutana kwenye mkahawa mmoja wa Edgware Road, tunakunywa chai ya maziwa, tunaoneshana madele ya kahawa na vyetezo vya ubani, tunabishana nani kauziwa kitu kibovu. Siku nyingine biashara hufanyika kwenye kundi letu la simu. Sheria zetu ni mbili na hazijaandikwa popote. Kitu kikiwekwa picha kundini, wa kwanza kuandika "langu" ndiye mwenyewe, na hakuna kurudi nyuma, hata ukija kukuta kina ufa. Na aliyekuuzia humtaji nje ya kundi, hata kwa mumeo.

Wasiotujua watacheka. Lakini sheria hizo ndizo zilizonipa jina. Wazee wa mtaa wa Harrow wanaouza nyumba kubwa na kuhamia ndogo hunipigia mimi kwanza. Mama Surinder wa Southall, aliyezaliwa Kisumu na ambaye mpaka leo hunisemesha Kiswahili cha huko, amenikabidhi chumba kizima cha vitu vya marehemu mumewe nivichambue peke yangu, yeye yuko jikoni anapika. Sina duka, sina cheti cha mtu yeyote. Nina neno langu tu.

Na ndiyo maana niliandika haraka.

Jumanne asubuhi, niko kwenye basi nakwenda kazini, Bwana Mbarak akaweka picha. Huyu ni fundi saa mstaafu, mtu wa Mombasa kama mimi, anakaa Harrow, na ndiye mkubwa wetu kwa umri. Picha ilikuwa ya sanduku la juzuu, lile la mbao linalotiwa juzuu zote thelathini za Kurani, likapelekwa matangani watu wagawane kusoma hitima. La zamani hasa. Pembe za shaba, bawaba zilizofuliwa kwa mkono. Nimelitafuta la namna hiyo tangu mama yangu afariki. Nikaandika "langu" kabla basi halijafika kituo cha pili. Sikuomba picha ya ndani. Sikuuliza limetoka wapi. Mimi, ninayewahubiria wenzangu kwamba kitu hugeuzwa chini juu kabla mtu hajafungua mdomo.

Kwa kawaida mtu akiwahi hivyo hutaniwa siku nzima, mara ana jicho la mwewe, mara hana kazi ya kufanya. Safari hii hakuna aliyeandika kitu. Nikajidanganya kwamba wameona wivu.

Alhamisi nikaenda Harrow kuliona. Bwana Mbarak alinipokea vizuri, akanimiminia kahawa. Nikafungua kifuniko. Upande wa ndani mbao ilikuwa nyeusi kwa umri, isipokuwa mahali pamoja katikati, upana wa kiganja, ambapo palikuwa peupe. Pamekwanguliwa. Na hapakukwanguliwa zamani, maana unga wa mbao ulikuwa bado umejikusanya kwenye pembe za kifuniko.

Nikakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Aliyekwangua alikuwa na haraka, kisu hakikufika mwisho wa herufi. Nikasoma jina la mwanamke. Nikasoma jina la msikiti mmoja wa Lamu, ambao sitautaja hapa. Na chini yake lile neno ambalo kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani kwetu analijua: wakfu. Haliuzwi, halirithiwi, halitolewi zawadi.

Nikakiacha kifuniko wazi, nikamgeukia.

"Bwana Mbarak, hili ni la msikiti."

"Lilikuwa," akasema, anapangusa miwani yake. "Mimi nimelikuta kwa mtu, kama wewe unavyolikuta kwangu. Na wewe, Bi Rukia, si umeshaandika? Tena mbele ya watu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Sasa nafika mahali ninapoona haya. Farouk. Alikuwa mwenzetu, mtu mkimya, dereva wa basi. Miaka michache nyuma aliandika "langu" kwenye chetezo cha fedha, kisha akaja mkahawani akasema anaomba radhi, moyo wake umekataa. Hakueleza zaidi. Mimi ndiye niliyesimama. Nilisema mtu asiye na neno hana cha kutuuzia wala cha kununua kwetu, na nilisema vizuri, nikaona watu wananisikiliza, nikanogewa. Siku ileile akatolewa. Baadaye nilikutana naye kituo cha treni, akanipa salamu, nikajifanya naangalia simu.

Mkuki kwa nguruwe. Kwenye treni ya kurudi kutoka Harrow sikufikiria kitu kingine. Nikakumbuka pia jambo ambalo siku ile halikunishughulisha hata kidogo.

Kile chetezo alikuwa anakiuza Bwana Mbarak.

Ijumaa mchana Nizar akanipigia. Nizar naye ni wa kundi, Mhindi wa Unguja, mpole kupita kiasi. "Dada, pole," akaanza, nami nikajua. Akaniambia lile sanduku walioneshwa wote mwezi uliopita, mmoja mmoja, nilipokuwa nimesafiri. Kila mmoja alisoma ndani, maandishi yakiwa bado mazima, na kila mmoja akasema hana nafasi nyumbani. Nikamuuliza mbona hakunitahadharisha. "Nilikuwa sijafungua hata simu, dada, wewe ushaandika. Ukishaandika, tuseme nini?"

Kwa hiyo walikaa kimya kwa ajili ya sheria. Nami siwezi kuwalaumu, sheria hiyo niliipigia makofi kuliko wao.

Hapo nikapata wazo. Nitalichukua, kisha nitalirudisha Lamu. Neno langu litabaki zima na sanduku litarudi kwao. Nilijipenda sana kwa wazo lile. Lakini shajara ni shajara, kwa hiyo niseme na lililobaki: jana hiyohiyo nilipima rafu iliyo karibu na dirisha. Nilijiambia litakaa hapo kwa muda tu, mpaka nipate safari. Sikujiuliza ni safari ya mwezi gani.

Leo saa saba nikalipa, nikalipokea mbele ya wote. Bwana Mbarak akasimama na kikombe chake. "Huyu ndiye mtu mwenye neno," akasema. Wakapiga makofi. Nizar hakupiga, alikuwa anatazama chai yake. Kisha Bwana Mbarak akataka picha, mimi na sanduku, akasema kifuniko kiwe wazi ili kazi ya bawaba ionekane. Nikakifungua mwenyewe. Nikatabasamu. Akaiweka picha kundini: "Limepata mwenyewe."

Nimefika nyumbani saa tisa. Saa kumi kasoro ukaja ujumbe kutoka namba ya Kenya nisiyoijua. Ulikuja na picha ileile, ya leo, mimi nimekenua meno. Kwa hiyo mmoja wa wale sita ameituma, pamoja na namba yangu, ndani ya saa tatu. Salamu, halafu: sisi ni watu wa msikiti, sanduku hilo liliibwa kwetu, tumeambiwa sasa ni mali yako.

Nikajibu papo hapo. Haraka haijanifunza kitu. Nikaandika kwamba ni kweli ninalo, nimelinunua nia yangu niwarudishie, na nitalileta kwa mkono wangu. Nilitegemea shukrani, Mungu anisamehe, nilizitegemea kweli.

Likaja jibu moja: "Alhamdulillahi. Na aliyelikwangua jina la nyanya yetu ni nani?"

Nimelitazama swali hili zaidi ya saa nzima. Nikimtaja, nimevunja sheria ya pili, na Bwana Mbarak hatahitaji kusema neno, wenzangu wataniondoa kama nilivyomwondoa Farouk. Habari itafika Harrow na Southall kabla ya Jumatatu: Bi Rukia anatoa siri za waliomuuzia. Nani atanifungulia mlango tena? Nisipomtaja, picha iko kwao. Sanduku liko mikononi mwangu, kifuniko kiko wazi, mkwaruzo ni mweupe pee, na anayetabasamu ni mimi. Lamu wanawajua watu wetu. Wataanza kwa kuuliza huyu ni mtoto wa nani.

Nimefikiria kumpigia Farouk. Nimeitafuta namba yake, kumbe nilishaifuta.

Ndipo nikafungua hapa, nikaandika haya yote bila kunyanyuka. Nizar haitwi Nizar. Farouk haitwi Farouk, na Mama Surinder jina lake ni jingine. Hiyo ndiyo desturi yangu humu, kila mtu humbadilisha jina. Sasa nimesoma tena kutoka juu nione kama nimemsahau mtu, na nimeona kwamba Bwana Mbarak sikumbadilisha. Nimemwandika hivyohivyo alivyo, mara saba, na mkono haukusita.

Basi, sitambadilisha. Nikishachapisha nitawatumia watu wa Lamu ukurasa huu, ndilo jibu langu. Kesho nitajua nani bado anapokea simu yangu.