Kihenge Kisichopita Mlangoni

Mama,

Kamwene. Nakusalimu kwa Kibena kama ulivyopenda, lakini mengine nitaandika kwa Kiswahili, maana ndicho nilichofundishwa kuandika shuleni. Hukujua kusoma ulipokuwa hai, na sidhani kama huko mmefunguliwa shule. Naandika hivyo hivyo. Nisipoandika nitampasukia mtu, na aliye karibu ni Baba.

Nimechoka, Mama. Nimechoka na vitu vyenu.

Tangu tulipokuzika, kila anayepita Makambako akitoka Njombe ananiletea kitu chako. Shangazi kaleta vyungu. Mke wa mchungaji kaleta ungo uliokuwa umemwazima. "Wewe ndiye binti mkubwa," wanasema, wanatua mzigo, wanakunywa uji wangu, wanaondoka. Na chumba changu unakijua. Ulilala hapa Yosia alipozaliwa, ukasema kuku wako wanakaa kwa nafasi zaidi. Ni chumba kimoja kwenye laini ya kambi ya barabara, kuta za matofali, paa la bati, na msimamizi wa kambi hataki kuona msumari ukutani wala moto ndani. Humo tulikuwa mimi, Baba Yosia, Yosia na mdogo wake anayenyonya. Sasa yumo na Baba.

Kwako kila kitu kilikuwa na mahali pake. Kisu kilichomekwa kwenye nyasi za paa juu ya mlango. Chumvi ilikaa kwenye kibuyu karibu na moto isipate unyevu. Mahindi ya mbegu yalikuwa darini, moshi ukiyapitia mpaka fukusi wakakata tamaa. Sindano uliichoma kwenye ukingo wa kihenge, nasi watoto tuliogopa kukiegemea. Nilipokulalamikia chumba changu ulinijibu, "Nafasi ipo, Yudita. Kinachokosekana ni mpango." Maneno hayo yaliniudhi siku ile na yananiudhi hata leo.

Mpango nimefanya. Kitanda nimekiinua kwa matofali, chini yake kuna viazi, debe la unga na sanduku la nguo. Majembe nimeyalaza juu ya boriti. Sufuria ndogo iko ndani ya kubwa, na vijiko viko ndani ya ndogo. Mtoto analala kwenye kapu lako la kuvunia, akiamka kapu linabeba nguo za kufua. Nyuma ya mlango nikapata upenyo wa kitanda kifupi cha kamba kwa ajili ya Baba. Mlango ukawa haufunguki wote tena, tukawa tunaingia kwa ubavu.

Maana shida yangu kubwa ilikuwa Baba. Kifua chake unakijua. Kipupwe kilichopita ni wewe uliyekuwa unachochea moto mpaka kunakucha. Ulipoondoka, Baba mdogo alinitumia neno kwamba amemkuta ameketi mbele ya majivu ya baridi, kana kwamba kuna moto. Nikaapa kwamba baridi ya mwaka huu haitamkuta peke yake. Kaka yuko Tanga kwenye mkonge, wala hajui kwamba umekufa. Nikabaki mimi. Na Baba akajibu kwamba atakuja, ila kihenge kije naye.

Kihenge, Mama! Kile kinachoshika mahindi ya mwaka mzima! Kwenye chumba ambacho nikinyoosha miguu nagusa chungu!

Nikasema sawa. Nitafanyaje? Baba Yosia akaomba lori linaloleta maganda ya miti ya miwati kutoka Njombe, dereva akakubali kupita kijijini kutuchukua. Tukamwaga mahindi kwenye magunia, tukakilaza kihenge, tukakiviringisha hadi mlangoni. Kikagoma. Tukakigeuza hivi, kikagoma. Tukakigeuza vile, vilevile. Ndipo Baba mdogo akakumbuka, akaanza kucheka vibaya. Baba alikisuka ndani ya nyumba! Nami nikakumbuka ulivyokuwa ukimtania, kwamba mvua za mwaka ule zilimfanya asukie mianzi pale pale karibu na moto, kikakua naye asitazame mlango. Wewe ukaingia ndani yake na beseni la udongo na mavi ya ng'ombe, ukakikandika kwa mikono. Mimi nikateremshwa humo nikandike pande za chini, kwa kuwa nilikuwa mdogo. Tuliimba humo ndani. Sauti zetu zilikuwa nzito na tulicheka mpaka Baba akachungulia kuuliza kama tuna akili.

Basi, Baba akaketi chini, mgongo kwenye kihenge. "Bomoeni ukuta." Baba mdogo akaacha kucheka. Nyumba sasa ni yake, kwa kuwa Baba anahama, na mkewe alikuwa amesimama pale pale. "Ukuta wangu haubomolewi," Baba mdogo akasema. Dereva akaanza kupiga honi. Baba akasema, "Basi mimi nabaki." Akakohoa, Mama. Kikohozi kile kinachomkunja. Na alikuwa anamaanisha, unamjua. Angebaki na kihenge kitupu na majivu yake.

Nikachukua panga.

Nilikipasua kutoka ukingoni hadi chini, kitako nikakitupa kando. Udongo ukapukutika kwenye mshono, mianzi ikalia. Baba aliinuka. Akatoka, akapanda mbele kwa dereva bila kumuaga ndugu yake. Njia nzima mimi niko nyuma juu ya maganda ya miwati, nimekumbatia kihenge kilichojikunja, nalia kwa hasira. Nilikukasirikia wewe kuliko mtu yeyote. Kwa nini ufe kabla ya baridi? Kwa nini ufe hata kidogo?

Hapa kambini Baba alininunia. Alipokea uji wangu na kumshukuru Yosia. Kihenge nilikiegemeza ukutani nje, na wake za wenzake Baba Yosia wakadhani ni ukuta wa zizi, wakaniuliza kama naanza kufuga ng'ombe. Siku moja msimamizi alisema kiondoke, la sivyo atakichoma. Kisha upepo wa hapa ukaanza kazi yake, na bati usiku lilipata umande kwa ndani, asubuhi likadondosha matone. Blanketi la Baba likaloa. Kifua kikaanza tena. Nimemtoa kwenye baridi ya Njombe nikamleta kwenye baridi inayonyesha!

Nikatazama bati, nikatazama kihenge, nikasikia sauti yako ikisema nafasi ipo. Nilitamani kukujibu vibaya. Tukakilaza juani, mawe juu yake, mpaka kikakubali kunyooka. Baba Yosia akakifunga kwenye boriti kwa kamba, juu ya kitanda cha Baba na kuendelea mpaka chetu. Hakupiga msumari hata mmoja. Nikapata dari, Mama! Nimepandisha mahindi ya mbegu na kuyafunika kwa ungo, vibuyu, vyungu vya Shangazi. Matone yanaishia huko juu. Kitanda cha Baba nimekisogeza palipokuwa na vyungu, na mlango unafunguka wote. Yosia alizunguka chumbani mikono imetanuliwa, hakugonga kitu.

Nikangoja Baba aseme neno. Alilala chali, akakitazama muda mrefu. Hatimaye akanitaja jina kwa mara ya kwanza tangu kijijini.

"Yudita. Umekigeuza."

Nikamwambia kiko vizuri.

"Upande huu ni wangu," akasema, akionyesha mianzi. "Vidole vya mama yako viko juu. Vinatazamwa na mahindi."

Mama, nilikuwa nimesahau. Uliuacha udongo bila kuulainisha, na alama za vidole vyako zimebaki mle ndani safu kwa safu, nne nne, na chini kabisa vyangu vidogo. Nilivipandisha juu mimi mwenyewe, nikaviwekea vyungu.

Nikamwambia, Baba, tukikigeuza, udongo utapukutika. Utakuangukia machoni.

"Uniangukie," akasema. Akageukia ukuta.

Nilitoka nje nikamkemea kuku ambaye hakufanya lolote. Unajua kazi niliyofanya kupanga kule juu? Unajua kila kibuyu nilikigeuza mara ngapi mpaka kikakaa? Na uji utaingia vumbi, na mtoto, na blanketi, na mwenye kufua ni nani?

Lakini Baba Yosia hana kazi Jumamosi. Nakuahidi, nitateremsha kila kitu. Mianzi itatazama bati, vidole vyako vitamtazama Baba. Jioni nitakuwa nakung'uta blanketi lake mlangoni, na sitamwambia neno baya. Nitajitahidi.

Pumzika, Mama. Ukinisikia nagomba Jumamosi, usishtuke. Napanga upya.

Mwanao,
Yudita