Kiti Mlangoni, Siku ya Kumi

Jumanne. Siku ya kumi baada ya chimio ya pili. Mvua tangu alfajiri, matope mpaka kizingitini. Maman asubuhi: 37,1.

Leo nimemfukuza Tante Béatrice, dada wa marehemu baba, na sijutii.

Daktari alitueleza polepole, nami niliandika. Uvimbe wa titi hupunguzwa kwanza kwa chimio, ndipo wapasue. Dawa hiyo hushambulia seli zinazozaliana haraka: za saratani, lakini pia za nywele, za mdomo, na zile zinazotengeneza damu. Kwa hiyo kati ya siku ya saba na ya kumi na nne chembe nyeupe zinazolinda mwili huwa chache mno. Mafua ya mtu mwingine yanaweza kumuua. Homa ikifika 38, hospitali saa ileile.

Ndiyo maana niliweka kiti mlangoni, nikakikalia.

Tante alikuja na sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akitokea kilioni Nyawera, alikoshika mikono ya mtaa mzima.

"Unamufungia mama yako sawa kuku?"

"Siku ine tu, Tante."

"Ine! Akikufa mu hiyo siku ine, utaniita nikuje kuangalia nini? Kiti?"

Nilipokea sufuria, nikafunga mlango. Majirani wote walisikia. Wasikie. Maman alikula vijiko vitatu, akageukia ukuta.

Naichukia sauti ya Tante. Naichukia hii desturi ya kumjazia mgonjwa chumba watu ishirini wanaokohoa, halafu tuiite upendo.

Sasa niandike ukweli.

Koo linaniwasha tangu jana. Jioni hii nimepiga chafya mara tatu huku nimemshikia Maman kikombe. Nimejipima: 37,9.

Nililinda mlango siku nzima, na mafua yalikuwa yamekaa kwenye kiti.

Sina ndugu mwingine hapa mjini. Tante hakohoi. Nimempigia simu: aje, anawe kwa sabuni mpaka viwiko, avae barakoa, alale na Maman. Mimi nitalala kwa jirani.

Alicheka kwanza, mwanamke yule.

"Na kiti?"

"Ni chako, Tante."

Bado simpendi. Nimemwachia kipimajoto mezani na namba ya daktari. Asubuhi atapima yeye, mimi nitauliza nikiwa dirishani.

Maman, saa moja jioni: 37,4.