Senene Kichwani kwa Mwalimu Paskazia

Kibeta, Bukoba
Alhamisi asubuhi

Mama,

Kasinge waitu, shikamoo. Kabla hujauliza: nakula vizuri, nalala kidogo, na sijaoa. Huko mnaendeleaje? Goti lako linakubali kupanda kilima cha kanisani, au bado unatembea kama bibi harusi? Kikohozi cha Baba kimepungua? Na ile migomba iliyolazwa na upepo kando ya kaburi la Bibi, mmeiwekea miti ya kuiegemeza au mnamsubiri fundi? Fundi ndiye mimi, na fundi yuko mjini, ana shughuli.

Najua unaigeuzageuza karatasi hii ukijiuliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yako ukiipokea tu unaweka spika, na jumuiya nzima inasogeza viti. Mara ya mwisho nilikwambia tumbo linanisumbua, kesho yake watu watatu wakanipigia kunitajia dawa. Hili la leo si la spika. Nimempa Majidi, yule dereva wa gari la kahawa anayeniletea mizigo yako, akukabidhi mkononi. Chukua miwani juu ya kabati la vikombe, usome peke yako.

Naogopa, Mama. Neno hilo nimeliandika mara mbili nikalikata, maana unamjua mwanao. Mimi ndiye niliyemwambia mkuu wa shule kwamba kidato cha pili kinanitosha, nisije nikajua mengi kuliko yeye.

Nianze na sifa, aibu ifuate.

Biashara ya mafuta ya nywele imesimama. Chumba changu kinanuka parachichi hadi barabarani. Nakamua parachichi, natia mafuta ya nyonyo na nta ya nyuki, nakoroga kwa mkono, mashine sina. Sabuni ya kuoshea nywele naitengeneza kwa majivu ya maganda ya ndizi. Wasusi wa saluni wananiita daktari na sijawakataza. Wakinicheka kwamba daktari mwenyewe kipaji cha uso kinapanda kila mwaka, nawaambia dawa nzuri huachiwa wagonjwa.

Lakini wewe na mimi tunajua kinachofanya mafuta yale yawe yale. Ni kile kichupa unachonitumia kila msimu, umekifunga kwa kamba ya mgomba: mafuta ya senene. Unakumbuka Bibi alivyotusimulia. Enzi zake mwanamke alikamata senene, akawanyonyoa mabawa, akawakaanga, akampa mume. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuonja hata mmoja. Kilichobaki chunguni ni mafuta, basi akapaka kichwani, na hakuna mwanaume aliyejua kwa nini wanawake wa kwetu wanazikwa na nywele nyeusi. Akatuapisha, mimi na wewe, siri hii isivuke kizingiti.

Sasa nikueleze ilivyonifikisha pabaya.

Kuna mama mmoja wa Maruku, Mwalimu Paskazia. Alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, akaenda kukaa kwa binti yake ng'ambo, akarudi amekuwa Mbudha. Usishike rozari bado, Mama, subiri. Hafugi majoka kama wanavyosema sokoni. Anakaa kwenye mkeka, anafumba macho, anafuatilia pumzi zake zinavyoingia na kutoka, basi. Alirudi pia na ugonjwa uliompukutisha nywele. Mwaka jana akaja kwangu, akashika kopo, akalizungusha, akaniuliza, "Kijana, humu kuna kiumbe chochote kilichouawa?"

Nikamjibu kwa mdomo wangu huu unaoujua, "Mwalimu, humo ni miti na matunda matupu. Hata inzi hakuonja."

Nilidhani ni maswali ya watu waliokaa ng'ambo. Sikujua kwamba ameapa asiue, na asitumie kitu kilichopatikana kwa kuua. Akapaka kila asubuhi kabla ya kukaa mkekani. Nywele zikarudi, Mama. Nyeupe, laini, zimejaa. Akawa anaongea huku anazigusagusa, kama mtu anayehakikisha mtoto bado amelala.

Mwezi uliopita akaniita. Anaandaa mafungo pale kwake, kama yale ya parokiani, ila haya ni ya siku saba na hakuna anayesema neno. Simu zinakusanywa kwenye kikapu. Ikishapita saa sita mchana hakuna kula. Mbu hapigwi, anafukuzwa kwa adabu. Wanakuja watu kumi na wawili, wengine kutoka Mwanza, na wa kuandaa yote akanichagua mimi: mikeka, turubai, maji, mpishi. Mpishi nilipomwambia ni ndizi na maharage, nyama hapana, samaki hapana, akanivuta pembeni akaniuliza, hata kadagaa kamoja ka harufu?

Nikapanga kila kitu kikakaa sawa. Ndipo Mwalimu akaongeza la mwisho. Asubuhi moja ya mafungo, wageni watengeneze mafuta yangu kwa mikono yao, kimya, tangu mwanzo hadi mwisho. "Uwaonyeshe kila kitu," akasema.

Tangu siku ile usingizi umenihama. Nilijaribu kutengeneza bila kichupa chako, mara tatu, yakaganda kama mshumaa wa Pasaka. Nikawaza kusingizia homa. Nikawaza kukimbilia huko Muleba nikajifiche kibanjani kwetu, nikajifanya napalilia. Kumpoteza mteja hakunitishi, wateja wapo. Niliogopa ile dakika atakapojua, mkono wake ukiwa kwenye zile nywele.

Juzi nikaenda Maruku kumwambia. Nilimkuta barazani, akaniashiria nikae kwanza. Nikakaa. Mimi na kimya, Mama, wewe mwenyewe unasema siku ya ubatizo wangu nililia hadi padre akapoteza ukurasa. Mvua ilikuwa imekatika. Senene mmoja, wa kwanza wa msimu, kijani kibichi, akaruka kutoka kwenye mti wa kahawa akatua kichwani kwake, juu ya nywele zilezile. Akatembea hatua chache. Akasimama. Akawa anapapasa kwa zile ndevu zake ndefu, kama anayeulizia ndugu zake.

Mwalimu hakufumbua macho. Aliinua mkono polepole, senene akapanda kidoleni, akamshusha kwenye jani. "Nenda, mwenzangu," akasema.

Nilisimama. Nikasema nimesahau sufuria jikoni Kibeta, nikaondoka karibu nakimbia. Njia nzima nilijikuna kichwa, nikihisi miguu ya mdudu.

Jana nikarudi na kichupa mkononi. Sikukaa, maana ningekaa ningetoroka tena. Nilimwambia yote nimesimama: Bibi, chungu, wewe, kiapo. Ndiyo, Mama. Siri imevuka kizingiti, na aliyeivusha ni mimi. Nilitegemea anipige, au alie, au anifukuze, nikawa nimejiandaa kwa yote matatu. Hakufanya hata moja. Nilimsikia kuku wa jirani akitaga hadi akamaliza.

Halafu akafungua kichupa akanusa.

"Mama yangu alikuwa na harufu hii," akasema. "Sikuwahi kujua inatoka wapi."

Sasa jiulize, Mama, ni bibi wangapi waliapisha wajukuu wao siri hii moja.

Akaingia ndani, akatoka na wembe na beseni la maji. Akakaa kwenye kigoda, akanipa mgongo. "Umezikuza wewe. Zinyoe wewe."

Nilimwambia mikono yangu ni ya kukoroga, kunyoa sijui. "Basi nyoa kama unavyokoroga," akasema. Nikanyoa. Nywele zile ndizo nilikuwa nazisifia kwenye saluni zote za Bukoba, ndizo zilikuwa tangazo langu linalotembea, na nimezishusha mwenyewe kwenye mkeka, shungi kwa shungi. Sikumkata hata mara moja, hilo mwambie Baba. Nilipomaliza nikamuuliza kama ananichukia. Akasema, "Hasira ninayo. Nitakaa nayo siku saba. Na wewe utakaa."

Kwa hiyo mafungo yanaanza keshokutwa, Jumamosi, na mimi nimo ndani, mkekani, pamoja na wageni. Asubuhi ya kutengeneza mafuta haitakuwepo. Badala yake, siku ya mwisho, kimya kitakapofunguliwa, mtu wa kwanza kusema nitakuwa mimi. Niwaambie wote kumi na wawili kilichomo koponi na uongo niliosema.

Hicho ndicho ninachokiogopa hadi sasa. Mdomo wangu naujua. Ukipewa juma zima bila kazi, utakaa huko ndani unapamba uongo mwingine, mtamu kuliko wa kwanza, na siku ikifika utauleta umevaa suti. Nikikosea pale, nimekwisha mbele yake, na nadhani hata mbele yangu.

Namwogopa Bibi pia. Naweza kusema ni mafuta ya senene nikaishia hapo. Au naweza kusema ni mafuta ya Bibi yangu, nikamtaja jina, nikaeleza alivyokaanga asichoruhusiwa kula. Kwa Mwalimu nilimtaja bila kukuuliza. Mbele ya watu kumi na wawili siwezi. Kiapo kilikuwa cha wawili, na wa pili ni wewe.

Jibu lako usiandike. Mafungoni barua hazipokelewi, nimeuliza. Lakini Majidi anapita Maruku Jumatano na mzigo wa kahawa. Ukikubali Bibi atajwe, mpe ule mwiko wake mweusi wa kukorogea, ulioning'inia nyuma ya mlango. Mwiko hauna maneno, hawatauzuia. Ukikataa, mwache aje mikono mitupu. Sitakasirika. Nitasema ya senene tu, nitavumilia.

Nisalimie Baba; mweleze habari za mikeka na mpishi, Ubudha uache kwanza. Nisalimie dada Koku, anayeninyima picha za mtoto wake akiogopa nitamnyoosha nywele. Na shangazi muuza kahawa, mwambie kopo lake lipo, ila asipake kabla hajasikia kilichomo.

Simu ikiwa imezimwa wiki nzima, usimtume mtu kunitafuta hospitali. Nitakuwa hai, nimekaa kwenye mkeka wa mwisho, ule wa karibu na njia. Nimeuchagua mwenyewe, ili Jumatano gari likisimama niweze kuiona mikono ya Majidi.

Mimi mwanao, ambaye kwa mara ya kwanza hana la kuongeza,

Evodius