Mipira Yako Iliyopanda Wima

Baba Wanja wangu,

Tangu tukuzike kwenu Nakuru sikuwa nimegusa tena hesabu za besiboli. Wiki hii nimezirudia, na wa kulaumiwa ni wewe.

Unakumbuka zile Ijumaa asubuhi tulipokuwa kazini kwa Waarabu, kwenye uwanja wa mchanga pale Al Baraha? Wafilipino uliofanya nao kazi hotelini walikufundisha mchezo, nawe ukajiona bingwa. "Mipira yangu mingi inapaa," ulijigamba. "Nguvu ninazo, bana." Mimi, niliyeshinda kutwa nikitenganisha mizigo kwa aina bandarini kule Creek, niliona unajidanganya. Kuna mpira unaopaa ukaenda mbali, na kuna ule unaopanda wima ukashuka mikononi mwa mdakaji. Ukiihesabu pamoja, hata mpigaji mbovu ataonekana hodari. Basi nikaitenga, chai ya thermos ikipoa kando yangu. Yako ilikuwa karibu yote ya aina ya pili, hasa uliporushiwa juu, usawa wa kifua. Bega lako la kulia lilishuka mapema, gongo likapita chini ya mpira.

"Ya kifuani iache," nilikwambia.

"Khalas, Mama Wanja, nimesikia."

Uliofuata ukaupiga vile vile. "Yalla, daka huo!" ukanipigia kelele. Nikajifunika kichwa kwa leso, nawe ukacheka hadi ukakaa mchangani. Nilikasirika kweli siku ile, na nilikupenda kweli.

Sasa Wanja anacheza shuleni, na timu inachaguliwa Ijumaa hii. Jana alasiri, rafiki yake akimrushia, niliitenga mipira yake kama nilivyotenga yako. Ni ile ile ya kifuani, na bega ni lile lile.

"Mum, mbona yangu inapanda tu?" aliniuliza, machozi yakimlengalenga.

Jibu nilikuwa nalo. Nikilirekebisha hilo bega, nitakuona wapi tena? Kwenye picha umetulia mno. Kwake ndiko unakotembea bado.

Nikamwomba apige mmoja zaidi, hivyo hivyo. Mpira ukapanda wima, ukakawia huko juu. Safari hii sikujifunika. Nilinyoosha mikono nikaudaka, viganja vikawaka moto.

Kisha nikamshika mtoto wetu bega la kulia, nikaliinua.

Pumzika, Baba Wanja. Mpira wako nimeudaka.

Mkeo,
Mama Wanja